Nairobi: nani anahama, nani anajengewa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyumba za bei nafuu na siasa za jiji

Maswali haya hurudi kila mazungumzo yanapogeukia nyumba za Nairobi: makato ya ushuru wa nyumba kwenye mshahara, ghorofa zinazoota Kileleshwa, jirani wa zamani ambaye siku hizi anapatikana Kitengela. Majibu yana takwimu palipo na takwimu, na maoni yangu pale nilipoona siwezi kunyamaza.

Kweli matajiri wanahama Nairobi?

Wanahama mitaa, jiji lenyewe hawaliachi. Tajiri wa kupindukia bado yuko Muthaiga, Runda, Kitisuru au Karen, na hana mpango wa kwenda popote. Anayefunga virago ni wa ngazi inayofuata: mhasibu, daktari, mfanyabiashara wa vipuri pale Kirinyaga Road, aliyekuwa na nyumba Buruburu au Kilimani. Akifanikiwa sana anaingia Karen. Bei ya Karen ikimshinda, anavuka mpaka wa kaunti na kujenga Kiambu kando ya barabara ya Thika, au Kajiado upande wa Kitengela, Rongai na Ngong, au Machakos maeneo ya Syokimau na Athi River. Asubuhi anarudi mjini kazini kama kawaida.

Sensa zinauonyesha mkondo huo. Kati ya 2009 na 2019 watu wa Nairobi waliongezeka kutoka 3,138,369 hadi 4,397,073, yaani asilimia 40. Kiambu iliongezeka kwa karibu asilimia 49 na kufikia 2,417,735. Kajiado ndiyo iliyotia fora: kutoka 687,312 hadi 1,117,840, asilimia 63 hivi kwa miaka kumi. Si wote hao wana pesa. Wapo wapangaji wengi waliosukumwa na kodi, na wapo watoto waliozaliwa huko huko. Lakini pita Kitengela uhesabu mageti ya chuma, utajua waliokuwa wakinunua ploti ni akina nani.

Mbona mtu aondoke Kileleshwa au Kilimani, mitaa ambayo wengine wanaitamani?

Kwa sababu mtaa anaouacha si ule aliouingia. Enzi za ukoloni maeneo hayo yalikatwa ploti kubwa, nyingi za nusu ekari au zaidi, kila moja na nyumba yake moja ya chini, bustani, na vyumba vya wafanyakazi nyuma. Maji, barabara na mabomba ya maji taka yaliwekwa kwa hesabu hiyo. Mwongozo wa ujenzi wa jiji wa mwaka 2004 uliruhusu fleti Kilimani na Kileleshwa, mwisho ghorofa nne. Leo simama barabara yoyote ya huko utazame juu: kumi na mbili, kumi na tano, ishirini na kitu.

Chukua ploti moja. Jengo la ghorofa 15 lenye fleti sita kila ghorofa lina fleti 90. Sensa ya 2019 iliipa Nairobi wastani wa watu 2.9 kwa kaya, kwa hiyo hao ni watu 261 mahali palipokuwa na familia moja na mpishi wao. Bomba la maji taka ni lile lile.

Mzee aliyebaki na nyumba yake ya chini katikati ya majengo hayo anaamshwa saa kumi na moja alfajiri na boza la maji likirudi kinyumenyume getini kwa jirani, pii, pii, pii, maana maji ya mfereji huja kwa mgao na jengo lenye fleti 90 haliwezi kungoja zamu. Saa mbili mashine ya zege inaanza kunguruma ng'ambo ya pili. Nguo zake alizoanika hazikauki. Jua linafika uani saa saba na kufikia saa tisa limeshamezwa na ukuta wa magharibi. Mvua kubwa ikinyesha, kifuniko cha manholi kinanyanyuka chenyewe na maji meusi yanatiririka barabarani chini ya mijakaranda. Analalamika kwa kaunti, anapewa namba ya lalamiko. Kisha siku moja dalali anapiga simu: kuna mtu anaitaka hiyo nusu ekari, na bei anayoitaja ni pesa ambazo mzee hajawahi kuziona katika maisha yake yote ya kazi. Anauza. Wewe ungekataa? Na ploti yake inakuwa jengo linalofuata, la kumhamisha jirani aliyebaki.

Kwa hiyo hawakimbii maskini?

Hapana. Wanaojaza ghorofa za Kilimani na Kileleshwa ni tabaka la kati, watu wenye kazi na magari. Ndiyo maana hakuna pa kuegesha. Kibera imepakana na mitaa ya Langata na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi kwa miongo mingi, na wenye pesa wanaendelea kujenga huko. Ukuta na mlinzi vimewatosha. Mtaro uliofurika hauzuiliwi na ukuta.

Kuhamahama huku kulianza lini?

Jiji lenyewe lilizaliwa likiwa limegawanywa. Reli ilifika 1899, na ulipoandikwa mpango mkuu wa 1948 kila mtu alishaujua upande wake. Wazungu walikuwa magharibi na kaskazini, kwenye mwinuko na hewa baridi. Wahindi walikuwa Ngara, Parklands na Eastleigh. Waafrika walikuwa Eastlands, yaani Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, juu ya ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu kila mvua inaponyesha. Baada ya uhuru rangi iliondoka kwenye utaratibu na pesa ikakalia kiti chake. Mwafrika aliyepata cheo serikalini alihamia magharibi, kwenye nyumba walizoacha Wazungu. Wahindi wa Eastleigh wakasogea Parklands na Westlands, na Eastleigh ikawa ya Wasomali, ambao wameigeuza kuwa soko linalovuta wateja kutoka nchi jirani.

Kwa kizazi changu mfano wa karibu ni Buruburu. Ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha za CDC, shirika la maendeleo la Uingereza, ili kulipatia makao tabaka jipya la Waafrika wenye mishahara: walimu, makarani wakuu, watu wa benki. Paa za vigae vyekundu, ua mdogo, watoto wakicheza katika korti, yaani uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba. Halafu mwenye nyumba mmoja akajenga vyumba vya kukodisha kwenye nafasi iliyobaki uani. Baraza la Jiji halikumgusa. Jirani naye akajenga, na yule wa tatu akajenga ghorofa. Kona za mtaa zikawa baa na shule za kibinafsi. Wenyewe wakahamia South C, Langata, baadaye Syokimau, wakaacha wapangaji na msimamizi wa kukusanya kodi. Yanayotokea Kileleshwa sasa ni yale yale ya Buruburu, kwa pesa nyingi zaidi na lifti.

Hizi "nyumba za bei nafuu" ni nafuu kwa nani?

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imewagawa watu kwa mapato ya mwezi. Anayepata chini ya Sh20,000 anaingia kwenye nyumba za kijamii. Wa Sh20,000 hadi Sh149,000 yuko kwenye nyumba za bei nafuu zenyewe. Anayezidi Sh149,000 ametengewa nyumba za tabaka la kati. Tazama upana wa kundi hilo la katikati: mlinzi wa Sh22,000 na meneja wa Sh140,000 wanapanga foleni moja, kisha tunashangaa meneja anapofika mbele.

Chini ya kundi hilo mambo yanabana zaidi. Chumba cha mita mraba 20 katika nyumba za kijamii kimewekewa bei ya Sh640,000. Kwa soko la Nairobi hiyo ni bei ya chini mno, lazima tukubali. Lakini amana ya asilimia 10 iliyowekwa mwanzoni ilikuwa Sh64,000. Kwa mtu wa kundi hilo, hayo ni mapato ya zaidi ya miezi mitatu, kabla hajala, hajalipa chumba anachoishi sasa wala karo. Kibarua wa mjengo analipwa kwa siku. Siku ya mvua hakuna kazi, na siku isiyo na kazi haina malipo. Mpango wa kulipa kila mwezi kwa miongo kadhaa umeandikwa na mtu mwenye mshahara kwa ajili ya mtu mwenye mshahara.

Benki nazo ziko mbali zaidi. Nchi nzima ina akaunti takriban 30,000 tu za mikopo ya nyumba, na wastani wa mkopo mmoja unazidi Sh9 milioni. Ndiyo maana hata mtu wa mapato mazuri, ambaye popote pengine angekopa na kununua sokoni, anaiangalia nyumba ya serikali kwa jicho la tamaa.

Ninakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi. Je, hiyo ni akiba yangu? Nitapata nyumba?

Si akiba, na haikupi haki ya nyumba. Ni asilimia 1.5 ya mshahara wako kabla ya makato mengine, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 nyingine. Mwenye mshahara wa Sh30,000 anatoa Sh450, mwajiri Sh450, zinaingia kwenye mfuko wa nyumba. Ukitaka nyumba unajiandikisha Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizi, na kuweka akiba ya amana kando.

Historia yake ni ndefu kuliko ghorofa zenyewe. Jaribio la kwanza, katika Sheria ya Fedha ya 2018, lilikwama mahakamani. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha ushuru huo. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba uliwakata walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuurefusha maisha wakati rufaa ikiendelea. Bunge likapitisha sheria mpya inayowagusa hata wasioajiriwa, Rais Ruto akaitia saini tarehe 19 Machi 2024, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaiacha isimame. Wengi huchanganya hapa: maandamano ya Juni 2024 yaliuangusha Mswada wa Fedha wa 2024, lakini ushuru wa nyumba ulikuwa tayari kwenye sheria yake peke yake, ukabaki.

Mimi sina ugomvi na wazo la kuchangiana nyumba. Ugomvi wangu ni kwamba pesa hizi zinanunua saruji na nondo, huku bomba kuu la maji taka na shule ya watoto watakaoishi humo zikingoja bajeti ya mtu mwingine.

Kwa nini nyumba zinazojengewa maskini huishia kwa wenye nafuu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu Nairobi imelijibu mara tatu mfululizo na bado tunauliza.

Anza na Dandora. Mwaka 1975 serikali na Benki ya Dunia walianzisha mpango wa ploti 6,000. Maskini hakupewa nyumba. Alipewa ploti yenye choo na bomba la maji, ajenge mwenyewe chumba kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu, akikodisha kimoja ili kulipia cha pili. Kwenye karatasi ni mpango mzuri sana. Lakini ploti yenye maji na hati karibu na mjini ina thamani kubwa kuliko mapato ya aliyepewa. Wengine waliuza, wengine walikodisha ploti nzima na kurudi kuishi kwenye kibanda. Walionunua waliona mbali: leo tembea Dandora au Huruma uone vyumba vya futi kumi kwa kumi vikipandana ghorofa sita, saba, ujia wa katikati wenye giza mchana, kamba za nguo zikivuka kutoka roshani hadi roshani, na choo kimoja chenye kufuli kinachotumiwa na mlango wa kwanza hadi wa nane, ufunguo ukining'inia kwenye kipande cha mbao ili usipotee.

Kisha Umoja, katika miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani. Ilikusudiwa watu wa mapato ya chini. Waliofika na funguo, kwa sehemu kubwa, walikuwa watumishi wa ofisini, kwa sababu nao hawakuwa na pa kwenda.

Halafu Kibera. Serikali na UN-Habitat walikubaliana mwaka 2003 kuboresha mitaa ya mabanda. Mwaka 2009 wakazi wa sehemu ya Soweto Mashariki walihamishiwa kwenye nyumba za muda Langata, na 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa. Baadhi ya waliopewa walikodisha vyumba au nyumba nzima kwa watu wenye kipato zaidi na kurudi kwenye mabati. Magazeti yaliwaita wasio na shukrani. Mimi naona walikuwa na akili. Mama anayeuza samaki anahitaji kuishi mahali wanunuzi wanapita, na pesa anayolipwa na mpangaji inamsomeshea mtoto. Ghorofa ya nne isiyo na wateja ingemfanyia nini?

Kinachounganisha visa hivi vitatu ni hiki: hakuna aliyejenga vya kutosha kwa ngazi iliyo juu ya maskini. Mtu wa Sh80,000 akikosa nyumba ya kumfaa hapotei hewani, anashuka na kuchukua ya mtu wa Sh40,000, ambaye naye anashuka. Serikali yenyewe kwa miaka imetaja mahitaji ya nyumba 250,000 kwa mwaka mijini, zinazojengwa zikiwa kama 50,000. Katika pengo hilo, nyumba yoyote nzuri itapandishwa daraja, hata ukiandika jina la maskini mlangoni.

Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda, tutaona. Mei 2025 zilikabidhiwa nyumba 1,080 za kwanza kati ya 13,248 zilizopangwa, na safari hii sheria inamkataza mwenye nyumba kuuza bila idhini ya bodi ya nyumba za bei nafuu. Kuuza kunaweza kuzuiwa kwenye rejista. Kukodisha kimyakimya kutazuiwa na nani?

Gavana ana nguvu gani hasa katika haya yote?

Nyingi kuliko anavyokiri anapolaumiwa, chache kuliko anavyoahidi akiomba kura. Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali kuu sera ya nyumba na kuipa kaunti mipango ya maendeleo, nyumba zikiwemo. Kwa vitendo: ushuru wa nyumba unakusanywa na kutumiwa na serikali kuu, lakini anayeidhinisha ramani ya jengo ni kaunti, na kampuni ya maji na maji taka ni ya kaunti. Kwa hiyo Rais anakata utepe, na manholi ikifurika anatafutwa gavana.

Ongeza kwamba usimamizi wenyewe umebadilika mikono ovyo. Evans Kidero alimaliza 2017. Mike Sonko alipigiwa kura ya kuondolewa na bunge la kaunti, kisha Seneti ikamvua madaraka, Desemba 2020. Kati ya 2020 na 2022 kazi za mipango na nyumba zilikuwa kwa NMS, taasisi ya serikali kuu iliyokabidhiwa huduma za jiji, chini ya mwanajeshi, Mohamed Badi. Johnson Sakaja akaingia 2022. Mwenye kutaka kujenga ghorofa 20 mahali pa ghorofa nne amepitia milango tofauti ndani ya miaka michache, na kila mlango uliona heri uidhinishe upate ada. Idhini ya ujenzi ni mapato ya haraka. Bomba la maji taka ni gharama ya haraka. Hapo ndipo siasa zote za jiji hili zinapolala.

Na usisahau wawakilishi wadi, 85 wa kuchaguliwa. Wengi wanatoka wadi za wapangaji, kwa sababu karibu kaya tisa kati ya kumi za Nairobi zimepanga. Mwenye nyumba wa Kileleshwa akiandika barua kali kwa Kiingereza cha mawakili, mwakilishi anahesabu kura na kuiweka chini ya glasi ya chai.

Wanaohama wanaondoka na kodi yao ya ardhi. Je, jiji linafilisika?

Halifilisiki kwa sababu yao, maana hata walipokuwepo walilipa kidogo. Kwa miongo kadhaa kodi ya ardhi Nairobi ilitozwa kwa thamani zilizoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwango kipya, kilichotegemea tathmini ya 2019, ni asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi bila jengo. Ploti ya Sh100 milioni inalipa Sh115,000 kwa mwaka. Mpangaji wa bedsita ya Sh10,000 anatoa Sh120,000 kwa mwaka huo huo.

Kuna upande wa pili, na ni wa haki. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Karen na Langata walikwenda mahakamani kulipinga baraza la jiji lililochukua kodi yao bila kuwahudumia. Waliuliza swali ambalo anayechimba kisima chake, analipa kampuni yake ya taka na kuajiri mlinzi wake bado anauliza: nikulipie nini? Jibu zuri lingekuwa maji yanayotoka mferejini. Serikali za jiji zimekuwa zikijibu kwa matangazo ya kunadi mali.

Waliohamia Kiambu na Kajiado wamepata walichokifuata?

Hewa, ndiyo. Nafasi ya mtoto kuendesha baiskeli, ndiyo. Maji, inategemea kisima, na visima vya Kitengela vingi vina chumvi. Muda wameupoteza barabarani. Barabara kuu ya Thika iliyokamilika 2012 na ile ya juu ya Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliyofunguliwa 2022 kwa kulipia, ndizo zilizowezesha kuhama huku, na foleni inayobaki chini ya nguzo zake ni ya wale wasiolipa. Tatu City, huko Ruiru, imekwenda mbali zaidi: ekari 5,000 zenye barabara, stima na maji vya kampuni binafsi. Ni kujitenga kabisa na huduma za kaunti huku ukiishi ndani ya kaunti. Mandhari ni safi, sibishi.

Angalia tu Ruaka. Ilikuwa migunda ya mboga na kahawa. Wenye kukimbia Nairobi walipofika, wajenzi wa ghorofa waliwafuata nyuma, na sasa wakazi wa kwanza wa Ruaka wanatafuta ploti mbele zaidi.

Naishi nyumba ya kaunti Eastlands. Wakibomoa, nitarudi?

Dai jibu kwa maandishi kabla ya kutoa sanduku la kwanza nje. Pangani kulikuwa na kaya 48 za wapangaji wa kaunti, waliolipwa kwenda kupanga kwingine na kuahidiwa kipaumbele katika jengo jipya la nyumba 1,562. Wapangaji 48 kwa nyumba 1,562 ni hesabu rahisi kutimiza. Kaloleni au Makongeni si hesabu rahisi hivyo. Kaya ni nyingi, na ndani ya nyumba moja utakuta babu aliyeandikishwa, watoto wake wawili na mpangaji wa kibanda cha uani. Nani kati yao ni "mpangaji"? Orodha ndiyo vita yenyewe. Hakikisha jina lako limo, na la mama yako lisiwe limeandikwa kimakosa.

Dar es Salaam wana mfano wa kutazama. Magomeni Kota ilibomolewa, wakazi wakasota kwa miaka mingi wakiishi kwa ndugu, lakini kaya 644 zilijulikana kwa majina, na nyumba zilipofunguliwa Machi 2022 ndizo zilizopewa nafasi.

Nyumba hizi zikiisha kujengwa, kodi itashuka?

Usitegemee, angalau si karibuni. Wanaowapa watu wa Nairobi pa kulala kwa kweli ni wenye ploti wa Pipeline, Huruma, Zimmerman na Githurai, wanaojenga bila ushuru wa mtu na mara nyingi bila mhandisi. Ukipenda, waite wizara halisi ya nyumba. Tunaijua gharama yake: Aprili 2016 jengo la Huruma liliporomoka usiku wa mvua na zaidi ya watu 50 wakafa. Kuwabomolea wote haiwezekani, watu watalala wapi? Kuwafanya waache dirisha, njia ya kutokea moto na nguzo imara ni kazi ya kaunti, haina utepe wa kukatwa, na ingewafaa wapangaji wengi kuliko mradi wowote wenye picha ya kiongozi.

Jirani amezungusha mabati na kuanza kuchimba. Nifanye nini?

Kwanza soma bango. Kila ujenzi mkubwa unatakiwa uonyeshe idadi ya ghorofa, mwanakandarasi na namba za idhini; lisipokuwepo, piga picha ya pahali lilipopaswa kuwa. Omba kaunti ikuonyeshe idhini na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikuonyeshe leseni ya mazingira, kwa barua, ukibaki na nakala yenye mhuri. Uamuzi wa kaunti unapingwa kwenye kamati ya maelewano ya mipango ya ardhi ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA inapingwa kwenye baraza la kitaifa la mazingira ndani ya siku 60. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako mawakili hawaji bure, kwa hiyo changeni mapema. Malalamiko ya "mtaa wetu unaharibiwa" hayafiki mbali. Kinachosikilizwa ni bomba lina kipenyo gani, fleti ni ngapi, maji yatatoka wapi, na kikao cha maoni ya umma kilifanyika lini na nani alikihudhuria. Mara nyingi utakuta orodha ya waliohudhuria ina majina ya vibarua wa mjengo huo huo. Ipige picha pia.